Tairi Lililolala

Jumamosi iliyopita tulimzika Anatoli, kule Bweranyange, pembeni mwa shamba lake la kahawa. Mvua ilinyesha kidogo, ya kutosha tu kuwafukuza waliokuja kwa ajili ya chakula. Mjukuu wake alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti nzuri ya shule. Alisema babu yake alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo upande wetu kushika usukani wa lori, kwamba aliendesha lori la machimbo ya bati kule Kyerwa, na kwamba "aliacha kazi hiyo kwa hiari yake ili arudi nyumbani kulima." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimeketishwa kwenye viti vya wazee, mbele kabisa, nikainama nikatazama viatu vyangu. Anatoli hakuacha kazi kwa hiari yake. Alifukuzwa kwa wizi wa petroli, na hakuiba hata kijiko. Wasifu ule ulimtaja mke mmoja, mama wa watoto wake, aliyekuwa amekaa mkekani amefunikwa khanga. Haukumtaja Yustina. Watoto wale hawakumjua Yustina; aliyewahi kuishi naye ndiye huyo tuliyekuwa tunamfukia, na wa pili ni mimi. Nimekaa na jambo hili tangu ujana wangu, na kwa kweli nimechoka nalo.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja. Nilikotoka hakuna haja ya kueleza. Inatosha kusema nilitoka upande wa Bukoba, nilisoma misheni mpaka darasa la nane, nikajifunza gari kwenye gereji ya mjini, na kichwa changu kilikuwa kimejaa hadi pomoni. Machimbo yaliniajiri kuwa dereva wa pili kwenye lori la Anatoli. Yeye alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mpole, Mnyambo wa hapohapo, ambaye hakuwahi kukaa kwenye dawati hata siku moja. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Vyumba vya wafanyakazi vimejaa. Utakaa kwangu. Mke wangu hupika kingi, na wa kukila hatuna." Ndivyo nilivyoingia katika nyumba ile ya kijijini Songambele, na laiti ningejua nilichokuwa ninaingia nacho, ningelala porini.

Ilikuwa nyumba ya udongo yenye paa la bati, imepakana na barabara, na nyuma yake migomba ilianza palepale ukutani. Chumba changu kilikuwa kidogo, kando ya jiko, na ukuta uliotugawa ulikuwa wa matete yaliyokandikwa udongo nusu tu. Juu palikuwa wazi. Kwa hiyo nilipata moshi wote wa jikoni, harufu yote ya maharage, na maneno yote ya mume na mke. Yustina alikuwa mwanamke mfupi mwenye kicheko cha ghafla. Alikuwa ametoka Murongo, mpakani, ambako ndugu yake alikuwa na duka dogo na pikipiki aliyoinunua ng'ambo, Uganda, pikipiki iliyosikika kabla hujaiona. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Mimi aliniita shemeji, kwa kuwa mumewe alinifanya mdogo wake, na kila tulipokuwa na safari alinifungia ndizi za kuchoma katika jani la mgomba, zangu mbali na za Anatoli mbali, akisema dereva wa pili naye ana tumbo la kwanza. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, alinikaangia bakuli zima, akakaa mlangoni akinitazama ninavyokula, akaniuliza kama mama yangu alikuwa akinipa wengi hivyo. Nilimwambia hapana. Alifurahi sana, akanichekea mpaka akajifuta macho.

Safari yetu ilikuwa ya siku mbili, kwenda Bukoba na kurudi. Tulishusha magunia ya mchanga wa bati, magunia madogo kwa macho lakini mazito ya kumvunja mtu kiuno, na tukirudi tulibeba unga, chumvi na mapipa ya petroli. Petroli yote ya machimbo ilipanda milima hiyo mgongoni mwa malori yenyewe, na ndiyo sababu wakubwa waliionea uchungu kama dawa. Kabla ya safari karani wa stoo alitumbukiza kijiti chenye alama ndani ya tangi, na tuliporudi alikitumbukiza tena mbele ya macho yetu. Tulikuwa tukijaza tangi jioni, tunateremka na mzigo mpaka Songambele, na lori linalala uani kwa Anatoli ili tuondoke alfajiri. Mfuniko wa tangi ulikuwa na kufuli. Ufunguo wake Anatoli alimpa Yustina autundike jikoni, maana mwenyewe alikuwa mtu wa kupoteza vitu vidogo.

Sijawahi kumwona dereva kama yule, na nimeishi na madereva maisha yangu yote. Wengine walikuwa wakikimbiza magari kama wanaofuatwa na nyuki, kisha wanakanyaga breki mpaka mzigo unahama. Anatoli aliiona kona ikiwa bado iko mbali, akainua mguu, akaliacha lori lijiendee lenyewe, na likifika konani lilikuwa limeshapungua mwendo bila kuguswa. "Breki ni petroli, Feli," alikuwa akiniambia. "Ukikanyaga breki unamwaga chini mafuta uliyokwisha kuyachoma. Utayachoma tena kupata mwendo uleule." Mlimani alibadili gia mapema, kabla injini haijaanza kulalamika. Tukisimama, hata kama ni kumsubiri mtu avushe ng'ombe wawili, alizima injini. Lakini mtindo wa madereva wengine wa kutia fri, yaani kuachia gia kwenye mteremko ili gari liporomoke bure, aliuchukia. Alisema huko ni kumwibia Mungu, na Mungu hudai palepale. Wenzetu walimwita Kobe. Yeye hakujali, kwa sababu Kobe ndiye peke yake aliyerudi na petroli tangini, na kila karani alipoinua kijiti chake akatikisa kichwa kwa mshangao, Anatoli alitembea kuelekea nyumbani mikono nyuma, akipiga mluzi. Hakuwa na mali, hakuwa na mtoto, hakujua kusoma. Hilo ndilo jina alilokuwa nalo.

Alfajiri, kabla ya kitu kingine chochote, alilizunguka lori akiwa na kipimo cha upepo na pampu. Aliinama kwenye kila gurudumu, na kabla ya kupima aliliamkia kwa Kinyambo, akaliuliza limelalaje, kama unavyomuuliza mzee wa jirani. Nami nilisimama nikishika taa ya chemli, nikicheka moyoni. Nyumbani pale kila mtu alisema lugha ya kwao. Kinyambo chao na Kihaya changu vilisikilizana bila taabu. Ila mambo ya gari tuliyasema kwa Kiswahili, kwa sababu gari lilikuja na Kiswahili chake, na Kiswahili chenyewe kila mmoja alikuwa amekiokota mahali pake. Yeye alikiokota kwa wapagazi na askari, mimi gereji. Sikuona kwamba hilo lina neno.

Mvua za vuli zilipoanza, Anatoli aliteleza akishuka kwenye bodi la lori, akaumia goti. Likavimba kama boga. Kuendesha aliweza, kuchuchumaa hakuweza. Jioni moja, tukiwa tunakula, alininyooshea kile kipimo juu ya sahani ya ndizi. "Magurudumu sasa ni kazi yako," akasema. "Neno ni moja tu, usilisahau. Tairi hupimwa likiwa limelala." Nikamjibu, "Nimesikia, kaka." Na nilisikia kweli. Lakini gereji nilikojifunza, tairi lililolala ni tairi lililoishiwa upepo, limebonyea chini, halina kazi. Kwa hiyo nilichosikia mimi ni hiki: ukiona tairi limebonyea, lipime, kama halijabonyea, liache. Yeye alikuwa amesema limelala kama watu wanavyolala, yaani limepumzika usiku kucha, limepoa, halijaguswa na barabara wala jua. Neno lilikuwa moja, na sisi tulikuwa wawili. Kuanzia siku hiyo nikawa nalizunguka lori alfajiri, natazama, naona hakuna tairi lililobonyea, nampigia kelele Anatoli kwamba mambo yote ni mazuri. Aliniamini, kwa sababu aliniona nimeinama.

Wiki ileile lori la mwenzetu lilipasuka tairi karibu na Kyaka, saa za jua kali, likapinduka. Dereva alivunjika mkono, mzigo ukamwagika mpaka majanini. Sisi tulipita baadaye tukayaona mabaki ya mpira barabarani, na mimi nikashikwa na hofu ambayo sikutaka ionekane. Kyaka ndipo tulipokuwa tukipumzika adhuhuri. Anatoli alikula ndizi zake, akanyoosha mguu mbovu kivulini, akafumba macho. Nikachukua kipimo. Ofisini tulikuwa tumepewa karatasi iliyosema kila tairi liwe paundi sitini, nami ndiye niliyeisoma karatasi hiyo, Anatoli hakuweza. Kipimo kikaniambia paundi sitini na tisa. Tairi jingine, sabini. Nikaona kifo chetu kimekaa hapo kinatusubiri. Nikachukua msumari, nikabonyeza valvu, upepo ukatoka kwa mlio mrefu, mpaka kila tairi likafika sitini kama karatasi ilivyotaka. Nilijiona nimeokoa maisha ya watu wawili. Sikumficha Anatoli, sikuona tu kama kuna la kumwambia. Na kila safari, tulipofika Kyaka, nikafanya vilevile. Sikujua kwamba tairi likipata moto upepo wa ndani hufura, na kwamba karatasi ile ilikuwa inazungumzia tairi la asubuhi. Nilikuwa nayapunguza matairi yaliyokuwa sawasawa, na yalipopoa yakawa laini, na lori likawa linatembea kama mtu aliyevaa viatu visivyo vyake.

Anatoli alilihisi kabla ya kijiti cha karani. "Gari limekuwa zito," alisema tukipanda kuelekea Nkwenda. "Nikiinua mguu halitelezi tena. Linasimama." Kisha petroli ikaanza kurudi pungufu, robo debe, baadaye karibu nusu. Karani akakipangusa kijiti na kukitumbukiza mara ya pili. Anatoli alirudi nyumbani siku hiyo bila mluzi. Akaanza kulitafuta kosa kama mtu anayetafuta sindano. Alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akaniambia niinue ekseli kwa jeki ili azungushe kila gurudumu kwa mkono aone kama breki zinashika. Hazikushika. Akaanza kuendesha polepole zaidi, tukawa tunapitwa hata na baiskeli mlimani. Siku moja Yustina alileta mkungu wa ndizi uende kwa shangazi yake Kayanga, akamkatalia, akasema hawezi kuongeza uzito. Mkungu mmoja, juu ya tani za bati! Yustina alisimama na mkungu wake kichwani akidhani ni utani. Alipoona si utani aliutua chini, akaingia ndani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha dereva wa pili, msumari wangu uko mfukoni.

Jioni hiyo niliwasikia juu ya ukuta wa matete. Anatoli alimuuliza nani huja pale yeye akiwa safarini. Yustina akamjibu, "Nani aje? Kaka yangu alipita wiki iliyopita, akanywa uji akaondoka." Kisha Anatoli akasema, "Hiyo pikipiki yake inakunywa nini? Nayo inakunywa uji?" Mimi nilicheka peke yangu chumbani, nikidhani bwana yule amepata tena utani wake. Yustina hakucheka. Nilisikia sufuria ikiwekwa chini. Leo nikikumbuka kicheko kile naona haya, kama kwamba alikicheka mtu mwingine katika mwili wangu.

Ukweli niliupata Bukoba, kwa fundi Kalasinga aliyekuwa na karakana karibu na ziwa. Nilimpelekea lori aangalie springi, peke yangu, maana Anatoli alikuwa amekwenda kuuguzwa goti. Mzee yule hakutazama springi. Alipitisha kiganja chake juu ya tairi, kutoka ukingo hadi ukingo. "Kingo zote mbili zimekwisha," akasema, "na katikati bado mpya. Hili linatembea bila upepo wa kutosha. Nani anapunguza?" Nikamweleza kwa fahari jinsi nilivyokuwa nikipima Kyaka. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kofi. "Kijana, mchana tairi lina moto, kipimo kinakudanganya. Pima alfajiri, baada ya tairi kulala. Tairi laini linakula petroli kama mlevi." Baada ya kulala. Nilisimama pale karakanani na neno lile la Anatoli likanirudia lote, na maana yake yote. Nikaomba pampu, nikajaza matairi yote kwa mikono yangu mpaka mabega yakafa ganzi. Nikaapa kwamba tukifika nyumbani nitamwambia kila kitu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalitafuta neno la kuanzia. Ningeanza hapa Kyaka; hapana, tukipita Kayanga; hapana, bora tukae chini kwanza tule. Anatoli aliendesha, na mara moja tu akasema, "Leo gari limekuwa jepesi kidogo," akaupapasa usukani kama mnyama aliyepona. Hata hapo sikusema. Tulipofika machimboni karani alikuwa anatusubiri na ujumbe: Anatoli aende ofisini kesho asubuhi, na mimi pia. Na jioni hiyo, nikiwa nashusha mapipa, karani alinisogelea akaninong'oneza kwamba bwana mkubwa ameshachoka na Kobe, na kwamba akiondoka, lori ni langu. Sijui mtu mwingine angefanya nini. Najua nilichofanya mimi. Nilikwenda kulala bila kusema, nikiwaza nitakavyokaa upande wa kulia, kwenye usukani.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza kubwa na dirisha lililotazama mlima uliochimbwa. Bwana mkubwa alisema kwa lugha yake, karani akatafsiri. Petroli inapotea. Gari halina kosa, mafundi wamelitazama. Basi inaibwa, na aliyekabidhiwa ni Anatoli. Anatoli alivua kofia akaishika kifuani. "Sikuiba," akasema. "Mimi petroli huirudisha. Mnanijua." Karani akatafsiri. Kisha bwana yule akanigeukia mimi, na karani akaniuliza, "Wewe unalala kwake, unapanda gari lake. Unajua chochote?" Anatoli naye akanigeukia. Alinitazama bila wasiwasi wowote, kama unavyomtazama mdogo wako ukiwa na hakika atasema lililo jema. Neno lilikuwa limeshafika kooni. Nikasema, "Sijui, bwana." Maneno mawili. Nimezaa watoto saba, nimeendesha magari zaidi ya miaka thelathini, nimekuwa mzee wa kanisa, na katika hayo yote hakuna niliyoyakumbuka mara nyingi kama maneno hayo mawili.

Walimfukuza siku ileile, na barua aliyopewa ilisema ni mwizi wa petroli. Akawa anaitembeza kwa watu wengine wenye malori, kwa kuwa hakujua kusoma, na kila aliyeisoma alimrudishia akimwambia kazi zimejaa. Mtu mmoja hatimaye alimhurumia akamwambia ilivyoandikwa. Mimi nilipewa chumba machimboni, na lori likawa linalala huko, nyuma ya senyenge. Niliyapima matairi kila alfajiri, yakiwa yamelala. Nikaendesha kama alivyonifundisha, nikiinua mguu mapema, nikizima injini njiani. Petroli ikarudi mahali pake, kwa kipimo cha zamani cha Anatoli, na hilo ndilo likawa ushahidi wa mwisho juu yake. "Mnaona," karani alimwambia kila mtu. "Mwizi ameondoka, petroli imerudi." Habari hiyo ilifika Songambele kabla yangu. Sikuwa na ujasiri wa kwenda kula tena nyumbani mle.

Yustina nilimwona mara moja baada ya hapo. Nilikuwa nimetumwa Murongo kuchukua magogo, nikamkuta barabarani akienda kwa miguu na mkeka umekunjwa kichwani na kifurushi mkononi. Nikasimama, nikampandisha. Aliniuliza habari za kazi, nikamwambia njema. Nikamuuliza anakwenda wapi na mkeka, akasema, "Kwa kaka yangu." Nilidhani anakwenda kusalimia. Alikaa mikono mapajani, anatazama mbele, na yule mwanamke wa kicheko cha ghafla sikumwona tena mle ndani. Tulipokaribia mpakani akasema, "Shemeji, umekaa kwangu karibu mwaka. Ukisikia maneno juu yangu, usiyaamini." Nilidhani ni maneno ya watu kuhusu kutozaa kwake, maana hayo yalisemwa, nikamwambia nani awasikilize wambeya. Akashuka, akanishukuru, akaufunga mlango taratibu, kwa mikono miwili. Miezi michache baadaye nilisikia ameshikwa na homa, akafa, wakamzika hukohuko kwenye migomba ya ndugu yake. Nilisikitika kama mtu anavyomsikitikia mtu mwema. Anatoli alikuwa ameshahamia Bweranyange, kwenye shamba la baba yake, na baadaye akaoa tena.

Miaka ikaenda. Tulionana kwenye harusi na misiba, nami kila mara nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia, na kila mara nikajiambia nitamwambia safari nyingine. Wiki chache zilizopita nikapata habari kwamba amelala hoi. Nikamwambia mwanangu anipeleke. Nilimkuta chumbani, amekonda, rozari imezungushwa kwenye kifundo cha mkono, akili iko sawasawa. Binti yake alituletea chai akatoka. Nikamwambia, "Kaka, petroli ya mwaka ule haikuibwa na mtu." Nikamweleza yote: Kyaka, msumari, Kalasinga, ofisi. Nikamwambia, "Uliponitazama ofisini, nilikuwa najua." Nilijiweka tayari kwa laana, na kwa kweli niliitamani, kwa sababu laana ni kitu, mtu anaweza kuibeba akaondoka nayo.

Hakunilaani. "Limelala," akasema. "Wewe ukadhani halina upepo." Nikamwambia ndiyo. Akafumba macho. Nilidhani amechoka, nikataka kuinuka, akanishika mkono. "Mimi nilijua sikuiba," akasema polepole. "Na wewe nilikufanya mdogo wangu, sikukuwaza. Ufunguo ulikuwa kwa Yustina. Kaka yake alikuwa na pikipiki. Nikaona hakuna mwingine. Nikamwambia arudi kwao." Alivuta pumzi. "Alipiga magoti palepale jikoni, Feli. Akaapa kwa Bikira Maria. Nikamwambia asimtaje Mama wa Mungu kwa mdomo wa uongo. Na walipokuja kuniambia petroli imerudi, nikasema, haya, ameondoka mwizi. Hata kumzika sikwenda."

Mimi sikuwa nimejua hilo. Naandika hivi nikiapa kwamba sikuwa nimejua. Miaka yote niliyokuwa nikijilaumu, nilikuwa najilaumu kwa kazi ya mtu na jina lake, na hapo hapo kitandani nikaonyeshwa kwamba hiyo ilikuwa sehemu ndogo. Nililia mbele yake bila haya, mzee mzima. Yeye hakulia. Alikuwa anatazama dari. "Kila mwaka," akasema, "siku ya kuwaombea marehemu wote, nimemwombea misa. Sikuacha hata mwaka mmoja, hata huyu mama wa watoto akinung'unika. Unajua nia niliyokuwa nikimwandikisha padri? Msamehe Yustina wizi wake." Akanigeukia. "Siku hiyo ni mwezi ujao. Mwaka huu niandikishe nini?"

Aliniachia mkono, akageukia ukutani, na binti yake alipoingia aliniambia kwa upole kwamba baba anahitaji kupumzika. Hakuifikia siku hiyo. Alikufa kabla yake, na Jumamosi tukamzika. Jana nimekwenda parokiani, nikasimama kwenye foleni ya watu wanaoandikisha nia za misa ya marehemu. Padri ni kijana, hajui mambo yetu. Aliandika jina nililompa, akaniuliza kama ni ndugu yangu, nikamwambia alikuwa shemeji. Akaniuliza anaombewa nini. Nikamwambia haombewi kitu, aandike tu vile nitakavyosema, na aisome kwa sauti. Alinitazama juu ya miwani, lakini aliandika: Yustina, ambaye hakuiba.